Mapenzi ya wakati wa vita yakipandishwa jukwaani: nini hubadilika, nini hakiguswi

Kuna kikundi cha vijana hapa Moshi, maeneo ya Soweto, kinachofanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza unaotokana na The African Queen, riwaya ya Mwingereza C. S. Forester iliyotoka mwaka 1935. Ni hadithi ya mapenzi ya wakati wa vita, na vita vyenyewe ni vya kwetu: Vita Kuu ya Kwanza, katika nchi hii hii, enzi za Mjerumani. Habari zilipoenea tu, maneno yakaanza. Mmoja anasema hiyo ni sinema, ameiona, sasa wataiigizaje bila mto? Mwingine anauliza kama mambo hayo yaliwahi kutokea kweli. Mzee mmoja aliyefundisha sekondari miaka mingi amekasirika kabisa kusikia kwamba vijana wameubadilisha mwisho wa hadithi ya watu. Na mama mmoja wa kwaya ana swali moja tu: hao wapenzi watabusiana mbele za watu?

Maswali yote ni halali. Shida ni kwamba yamerundikwa pamoja, na anayejibu moja anajikuta amelikoroga jingine.

Tuanze na majina ya vitu. Riwaya ni hadithi ndefu ya kusomwa. Msomaji yuko peke yake, anaweza kukifunga kitabu, akaenda shambani, akarudi jioni na kuwakuta wahusika walipokuwa. Tamthilia ni hadithi iliyoandikwa ili itamkwe na kutendwa. Siku hizi ukitaja tamthilia watu wanafikiria zile za Kituruki za kwenye televisheni. Mimi hapa naizungumzia ile ya jukwaani, ya watu walio hai mbele ya watu walio hai. Onyesho ndilo tunaloliona ukumbini, tamthilia ikishapata mwongozaji, waigizaji, maleba na hadhira. Kuigeuza riwaya kuwa tamthilia, basi, si kuyanakili mazungumzo ya kitabuni na kuwagawia waigizaji kama karatasi za mtihani. Ni kuandika upya.

Wala si kutafsiri. Mwalimu Nyerere alipotuletea Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Mwingereza Shakespeare, mwaka 1969, alitafsiri: lugha ilibadilika, lakini mji ukabaki Venisi na Shylock, yule mkopeshaji, akabaki akidai ratili yake ya nyama ya mdaiwa. Kama Mwalimu angemleta Shylock huku kwetu, akamfanya mkopeshaji wa mjini anayekishikilia kihamba cha mtu, shamba la ukoo, kwa deni la ada ya shule, hapo angekuwa ameigeuza. Kazi zote mbili ni halali na zote ni ngumu, ila huwezi kuipima moja kwa mizani ya nyingine. Mfasiri akiongeza mhusika tunamlaumu. Mwandishi anayegeuza asipoongeza wala kupunguza chochote, huyo ndiye wa kulaumiwa.

Ukitaka kuielewa kazi hii, nenda soko la Memorial ukanunue koti la mitumba, koti zito la mtu mnene, ulipeleke kwa fundi cherehani umwambie akutolee gauni la mtoto. Fundi hawezi kulipunguza koti kidogo kidogo mpaka likawa gauni. Atafumua mishono yote, atatandaza kitambaa mezani, atakata kwa vipimo vya mtoto aliye mbele yake. Mifuko ya ndani itatupwa. Kola huenda ikawa mkanda. Lakini kitambaa ni kile kile, na aliyelijua koti atakitambua hata kwa mbali.

Sasa katika hadithi ya mapenzi ya wakati wa vita, kitambaa ni kipi? Wengi hudhani ni wapenzi wenyewe, majina yao na maneno waliyoambiana. Mimi nasema ni kile ambacho vita vinawafanyia wapenzi. Ukiweza kuviondoa vita na mapenzi yakabaki yalivyo, basi vita vilikuwa pambo tu, na bendera na sare za askari hazitaokoa kitu. Ukiyaondoa mapenzi na vita vikabaki vilivyo, umeandika somo la historia. Hadithi nzuri ya aina hii ina fundo moja mahali ambapo vita na mapenzi vimefungana, na huwezi kufungua upande mmoja bila kuulegeza wa pili. Anayeipeleka jukwaani anaruhusiwa kubadilisha karibu kila kitu, mradi fundo hilo asiliguse.

Tulitazame la The African Queen. Rose Sayer ni dada wa mmishenari wa Kiingereza, anaishi misheni, ndani kabisa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vinapoanza mwaka 1914, jeshi la Wajerumani linawachukua watu wote wa pale, na kaka yake anaugua na kufa. Charlie Allnutt ni fundi anayeendesha mashua chakavu ya mvuke, mpenda pombe, mtu asiyetaka ugomvi na yeyote. Wakati wa amani watu hawa wangeishia kwenye salamu. Vita vinawatia katika mashua moja, na Rose anakuja na wazo la kichaa: washuke na mto mpaka ziwani, wakailipue meli ya Wajerumani. Njiani anamwagia mwenzake pombe yote mtoni. Na njiani hapo hapo, kila mmoja anaona kwa mwenzake kitu ambacho amani ingekificha: ushupavu wa mwanamke aliyelelewa kunyamaza, na ustadi wa mwanamume ambaye hakuna aliyewahi kumsifu. Hilo ndilo fundo.

Mwaka 1951 hadithi hiyo ikawa sinema, chini ya mwongozaji John Huston, na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa wahusika wakuu. Charlie wa kitabuni ni Mwingereza wa tabaka la chini. Wa kwenye sinema ni Mkanada. Mwisho nao ukageuzwa. Katika riwaya, mashua yao inazama kwa dhoruba kabla ya kuifikia meli ya adui, wanakamatwa, kamanda wa Kijerumani anawakabidhi kwa Waingereza, na meli inakuja kuzamishwa na boti za kivita za Uingereza. Wapenzi hawajalipua kitu. Katika sinema wanahukumiwa kunyongwa, nahodha wa Kijerumani anawafungisha ndoa kwanza, na dakika ile ile meli inagonga mabomu waliyoyafunga kwenye mashua yao iliyopinduka. Kishindo, meli inazama, wanaogelea wakiimba.

Vijana wa Soweto wameuchukua mwisho wa riwaya. Mwalimu wetu mstaafu anaijua sinema, kitabu hakukisoma. Kwa hiyo anapowashitaki kwa kuubadilisha mwisho, kwa kweli anawashitaki kwa kuurudisha. Hapo ndipo penye mkanganyiko mkubwa wa mambo haya: toleo ulilokutana nalo kwanza ndilo unaloliita la asili.

Na kuna hadithi zilizosafiri mbali zaidi ya hapo. Mwaka 1898 Mmarekani John Luther Long alichapisha hadithi fupi kuhusu msichana wa Kijapani aliyeolewa na ofisa wa jeshi la majini la Marekani, akaachwa na mtoto. Mwaka 1900 David Belasco akaifanya tamthilia. Puccini, mtunzi wa muziki wa Kiitaliano, akaiona, na mwaka 1904 ikawa opera, yaani tamthilia ya kuimbwa, Madama Butterfly. Hadi hapo, hakuna vita. Mwaka 1989 ikapanda jukwaani London kama mchezo wa nyimbo, Miss Saigon: Japani imekuwa Vietnam, ofisa amekuwa askari wa kawaida, na kinachowatenganisha ni kuanguka kwa Saigon mwezi Aprili 1975. Nchi imebadilika, enzi imebadilika, majina yamebadilika. Kilichobaki ni mwanajeshi anayeondoka na mama anayebaki na mtoto. Na hadithi imepata nguvu mpya, kwa sababu yule ofisa wa kwanza aliondoka kwa tabia yake mbaya, huyu wa pili vita vimembeba juu juu.

(Si lazima kila mara kitabu kitangulie, kwa njia. Sinema ya Casablanca ya mwaka 1942 ilitokana na tamthilia ambayo wakati huo ilikuwa haijapata hata onyesho moja.)

Turudi kwenye swali la mto. Miss Saigon ilijulikana kwa kuteremsha helikopta jukwaani, na watu wengi walilipa kiingilio ili waione hiyo helikopta. Ukumbi wa shule wa Moshi hauna helikopta, na mara nyingine hauna hata umeme. Lakini jukwaa halijawahi kuhitaji kuonyesha vita. Linahitaji kuonyesha watu wanaosikia vita. Novemba 1978, Idi Amin alipokuwa amevamia Kagera, nchi nzima ilikaa redioni ikimsikiliza Nyerere akisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Anayeandika tamthilia ya mke wa askari wa wakati ule anahitaji meza, redio ya mbao, na mwanamke anayechambua maharage ambaye mkono wake unasimama katikati ya ungo. Hatuhitaji kumwona mume. Tunajua alipo.

Nilikwenda kuwatazama vijana mazoezini. Mashua yao ni mabenchi mawili ya darasani yaliyoegemezwa pembe kwa pembe. Boila ni debe lililochakaa, na nyuma yake amechuchumaa kijana mwenye sinia la mchanga, analitikisa taratibu: shaa, shaa, shaa. Charlie analipiga debe teke, sauti inakatika. Kimya. Analipiga tena, shaa inarudi, na mtoto wa mlinzi aliyekuwa anachungulia dirishani akacheka kwa sauti. Maporomoko ni turubai la buluu linalotikiswa na watu wanne. Siku ile Rose alikuwa anaharibu, macho yote kwenye turubai.

"Usiangalie turubai," mwongozaji akamwambia. "Angalia jiwe lile pale."

"Jiwe lipi, dada?"

"Litakalowavunjia mashua."

Rose akaukaza mkono kwenye mpini wa ufagio uliokuwa usukani wake, akakazia macho ukuta mtupu. Nikageuka na mimi kuangalia ukutani. Hiyo ndiyo kazi ya jukwaa, na hapo ndipo linapoishinda kamera: kamera ikikuonyesha mto mbovu, mambo yamekwisha; jukwaa likikuonyesha mtu anayeuogopa mto, wewe mwenyewe umeshaujaza maji.

Je, ni kisa cha kweli? Jibu fupi ni hapana, ingawa kina mzizi wa kweli. Meli iliyompa Forester wazo wengi wetu tunaijua: ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliiunda Papenburg, kwao Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika makasha yapatayo 5,000, ikafika Dar es Salaam, ikapanda treni, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingia ziwani mwaka 1915. Haikuzamishwa na wapenzi wala na Waingereza. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokuwa wanakimbia, na mafundi wakaipaka mitambo grisi nzito ili isiharibike majini. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Ule mto wa hadithini nao unaitwa Ulanga. Ulanga tunao, lakini maji yake yanaingia Rufiji na kuishia Bahari ya Hindi. Ukipanda mashua pale ukitegemea kufika Ziwa Tanganyika, utakwenda kinyume kabisa na unakotaka.

Je, hilo linaiharibu riwaya? Sioni hivyo. Ebrahim Hussein alipochapa Kinjeketile mwaka 1969, alieleza wazi katika utangulizi kwamba Kinjeketile wa tamthilia si yule wa historia moja kwa moja. Wanafanana matendo, lakini wa jukwaani ameumbwa kwa mahitaji ya sanaa. Ni uungwana ambao ningependa kila kikundi kiuige: karatasi moja mlangoni, mistari mitatu, kipi kilitokea na kipi kimebuniwa. Tatizo la maneno "kisa cha kweli" kwenye tangazo ni kwamba yanamwomba mtazamaji alie kabla hujampa sababu.

Palikuwa na hoja kikundini ya kukihamishia kisa chote Kilimanjaro. Si hoja mbaya. Moshi ilikuwa ndani kabisa ya vita vile: mwisho wa reli ya kutoka Tanga, kambi ya nyuma ya majeshi ya Mjerumani. Mapigano yalipiganwa Longido Novemba 1914, na Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jan Smuts yakaingia mjini. Mmoja wao akapendekeza wapenzi watoroke usiku na kiberenge, wakiteremka na reli kuelekea Tanga. Nilicheka, kisha nikaona ana akili. Kiberenge ni kidogo, kinaendeshwa na wawili tu, na hakina pa kukwepea. Fundo lingekaa. Waliuacha mpango huo kwa sababu ya kawaida kabisa: magurudumu yangepiga kelele kuliko waigizaji.

Kuhusu kubusiana, mama wa kwaya alale salama. Hawabusiani, na si kwa kuogopa wazee tu. Busu la jukwaani huifanya hadhira yetu ipige miluzi, na mluzi mmoja unaweza kuua dakika 20 za kazi. Badala yake kuna tendo la Rose kumshonea Charlie shati huku amelivaa, sindano ikipita karibu kabisa na kifua, na Charlie hathubutu kuvuta pumzi. Nimeona mabusu mengi yasiyofikia hapo. Wala wawili hao si wapenzi mtaani, kama inavyosemwa. Kuigiza ni kazi.

Linalonisumbua mimi ni jingine, na sijalisikia likiulizwa. Hadithi hii imetokea kwetu, na sisi hatumo. Watu wa misheni wanachukuliwa mwanzoni, na baada ya hapo Afrika nzima ni mto, mbu na matete. Vita vya kweli havikuwa hivyo. Vilibebwa mabegani na wapagazi wetu, maelfu kwa maelfu, na waliokufa kwa njaa na magonjwa ni wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Kikundi kikiipandisha hadithi hii Moshi bila kuligusa hilo, kitakuwa kimerudia sinema ya 1951 kwa Kiswahili. Lakini dawa si kumchomeka mpagazi mmoja na mistari mitano ya kulalamika. Vijana wamefanya jambo ninaloliona bora: wanaosimulia ni wale wale waliochukuliwa. Mtambaji ni mwanamke wa misheni aliyefungwa kamba mwanzoni kabisa mwa mchezo, na wanaotikisa turubai ni wenzake. Rose na Charlie wanasafiri juu ya mto unaoendeshwa na watu wasiowaona. Mtambaji naye ana mume aliyepelekwa upande wa pili na jeshi la pili. Mapenzi mawili, vita vile vile, na hawa wa pili hakuna kamanda wa kuwakabidhi salama kwa wenzao.

Limebaki la hakimiliki, ambalo watu hulikumbuka polisi wakishafika. Wazo halina mwenyewe. Askari na msichana, mashua na mto, mkimbizi wa Uganda aliyekuja kwenye mkutano wa Moshi wa Machi 1979 akampenda binti wa hapa: ni ya kila mtu, kaandike. Chenye mwenyewe ni jinsi mtu alivyoliandika wazo, yaani wahusika wake, msuko wake na maneno yake. Haki ya kuigeuza riwaya kuwa tamthilia ni ya mwandishi au warithi wake, na kutotoza kiingilio hakukupi wewe haki hiyo. Sheria yetu inailinda kazi katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Uingereza ni miaka 70. Forester alifariki mwaka 1966. Kwa hesabu hiyo ulinzi wa riwaya hapa Tanzania ulikwisha mwishoni mwa 2016, na kule kwao unaendelea hadi mwisho wa 2036.

Sinema ni kazi nyingine yenye wenyewe wengine. Ndoa ya dakika ya mwisho, mashua iliyopinduka na ule mlipuko vilibuniwa na waliotengeneza sinema, wala si na Forester. Kwa hiyo mwisho anaoutaka mwalimu ndio ambao vijana wangepaswa kuuulizia kwanza kabla ya kuuchukua, na ule anaouita wa kubuni ndio ulio huru. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, wapo kwa maswali ya namna hiyo, na barua inaandikwa kabla ya mazoezi kuanza. Wakialikwa Arusha, Dodoma au Mwanza, waende na mabenchi yao. Wakialikwa London, wangoje 2037 au waombe ruhusa.